Dakika Tano za Mzee Oreste

Bologna, 14 Aprili

Kaka yangu mpendwa Ermes,

Nakusalimu kwa mapenzi, nikitumaini wewe, wifi Graciela na watoto hamjambo huko Rosario, na kwamba goti lako limepata nafuu baada ya upasuaji. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mume wangu Loris yuko kazini kama kawaida, na mama mkwe bado anakanda unga kila Jumapili na kutusema kwamba hatuli. Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu ni ndogo na haya siwezi kuyasema kwa sauti.

Nimeacha kazi, kaka. Baada ya miaka kumi na tisa ya kutembeza wageni, juzi nimerudisha kitambulisho changu.

Oktoba iliyopita nilipewa kundi la wastaafu kumi na wanne, waumini wa parokia moja ya Rovigo. Tulianzia uwanja mkuu, tukaingia makanisa ya Santo Stefano, kisha tukashika njia ya matao ipandayo mpaka kanisa la San Luca, juu kilimani. Miongoni mwao walikuwa Mzee Oreste Bagatin, seremala wa miaka sabini na mmoja, na mkewe Palmira, mama mwembamba aliyepanda kilima kama mbuzi na kutuacha wote nyuma. Katikati ya mpando Mzee Oreste alishika ukuta, akakaa chini taratibu, na hakuinuka tena. Nilimshika mkono mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Walisema ni moyo.

Chama chetu cha watembezaji kiliniuliza kwa maandishi kama marehemu alilalamika lolote. Niliandika hapana. Wenzangu walinifariji sana. Ivonne, yule wa sauti kama tarumbeta, alinifuata mpaka nyumbani akanigombeza: “We Ilde, acha kujitesa! Kwani moyo ule ulimpa wewe?”

Nilijaribu kuendelea. Nikifika kwenye matao, maneno niliyoyasema mara elfu yananikimbia. Wageni wananitazama tu.

Alhamisi iliyopita Mama Palmira alikuja, peke yake, na koti jeusi lililomzidi. Aliomba nimpitishe njia ile ile. Nilikubali kwa sababu nilikwisha kuamua kumwambia kitu. Tulipofika mahali penyewe aliweka kiganja ukutani. Kisha akaniuliza, “Mwanangu, alisikia maumivu? Mimi nilikuwa mbele kama mwehu. Alikuambia neno lolote?”

Nikamjibu, “Hapana, mama. Alikuwa anakusifu tu jinsi unavyopanda.”

Alilia, akanibusu mikono yote miwili, Ermes. Akasema sasa ataweza kulala.

Lakini mumewe alikuwa ameniambia. Pale kwenye tao la Meloncello, kabla mpando haujaanza, Mzee Oreste alinivuta kando akaninong'oneza: “Binti, kifua kinanibana kidogo. Tukae dakika tano. Ila usimwambie mke wangu, atanisumbua mpaka Krismasi.” Nasi tulikuwa tumechelewa, kwa sababu nilipiga domo mno Santo Stefano, na padri alikuwa anatusubiri juu. Basi nikapaza sauti mbele ya kundi zima: “Jamani, Mzee Oreste anataka kutegea! Mkeo huyo keshapotea machoni, utakubali mwanamke akuache hivi?”

Wakacheka wote. Mzee aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Akafunga kifungo cha koti, akasema, “Nani kachoka? Twende!” Akapanda akiwa mbele yangu, haraka, ili nimwone.

Sijamwambia mtu mwingine. Loris anadhani nimechoka, ananinunulia dawa za nguvu. Padri wa parokia yetu ninamkwepa. Nikifumba macho naona masikio yale.

Nisalimie Graciela, uwabusu watoto, na mwambie Dario nimepokea picha yake ya farasi. Ukijibu, andika kwa anwani ya Ivonne, usitume hapa. Na nakuomba jambo moja, kwa kuwa u kaka yangu: watu wote wameshaniambia sina kosa. Wewe usiniambie hivyo.

Dadako akupendaye,
Ilde