Mswaki Uliomtumia Mama

Mchinga,
Lindi.
15 Agosti, 1993.

Mpendwa mdogo wangu Sixbert,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe pamoja na wifi yangu Rosemary na binti yetu Angela. Sisi huku tunasukuma siku. Mvua ziliisha vizuri, mihogo ipo, mikorosho imeanza kutoa maua. Kile kifua changu kilichokuwa kinabana kimeachia. Mgongo wako je? Na Angela, homa zimemwacha? Usinijibu kwa neno moja kama ilivyo desturi yako.

Shikamoo yako kwa Mama nimeifikisha. Alivyoipokea nitakueleza mwishoni, kwa sababu nikianza nayo nitaichana karatasi hii kabla sijaimaliza.

Kwanza kikasha. Kimefika. Valerian, huyu mtoto wa mama mdogo unayemwamini kuliko mimi, alikileta mwenyewe aliporudi kutoka huko kununua bidhaa za duka lake. Nilikifungua mbele ya Mama. Nikatoa dawa za meno, nikatoa miswaki ya rangi zote, nikatoa picha yako umesimama mbele ya duka lako jipya unacheka, na barua. Meno meupe, hongera. Shati nalo jeupe, hongera. Nikaendelea kupekua mpaka karatasi ya chini nikitafuta neno la kusema unakuja lini. Halikuwemo.

Hiyo barua yako nimeisoma mara ya pili ili nihakikishe kwamba ni wewe uliyeiandika. Umetuandikia kama bwana afya aliyetumwa kwa washenzi. Eti tuache kutafuna vijiti kama mbuzi. Eti nchi sasa imefunguliwa, bidhaa zimejaa, hakuna sababu ya mtu kubaki na kinywa cha kizamani. Sixbert, kinywa chako wewe kilisafishwa na nani? Miaka ile duka la kijiji lilipokuwa na viberiti na vumbi tu, hata sabuni tunaipangia foleni, Mama alikuwa anatwanga mkaa, anachanganya na chumvi, anakuchongea kijiti na kukitafuna ncha mwenyewe mpaka kilainike, kwa sababu fizi zako zilikuwa za kudeka. Huyo ndiye mbuzi unayemwandikia.

Au umesahau sheria ya nyumba hii? Mama alikuwa hapokei shikamoo ya kinywa kilicholala. Ulikuwa unaamka, unapita nyuma ya jiko, unapiga mswaki, unasukutua, ndipo unakwenda mbele yake na kumpumulia usoni. Akiridhika anasema marahaba, na siku inaanza. Asiporidhika anatazama pembeni kana kwamba hakuna mtu. Siku moja ulijifanya mjanja, ukatafuna ganda la chenza ukaenda kumwamkia. Akakaa kimya asubuhi nzima, uji ukapoa, wewe unazunguka nyumba unalia, mpaka ukashindwa ukaenda kupiga mswaki wako. Hakukuchapa. Alikunyima marahaba tu, na ulisema afadhali angekuchapa.

Sasa nikueleze elimu yako ilivyopokewa kijijini, maana Valerian alijipa kazi ya kuieneza. Tangu siku ile anatembea na mswaki mfuko wa shati, kichwa kimechungulia nje kama kalamu ya karani. Anakwenda nao kigangoni Jumapili. Anakwenda nao msibani. Jumamosi moja akaita watu mbele ya duka lake, akawasomea barua yako kwa sauti ya kipaza, na alipofika pale kwenye mbuzi akamtazama mzee Huseni, jirani yetu, ambaye alikuwa amekaa na kijiti chake mdomoni.

Mzee Huseni hakukasirika. Alikitoa kijiti, akakifuta kwa kanzu, akasema, "Mwanangu, hiki mie nakipigia kabla ya kila sala tangu babako hajaoa. Njoo uninuse kinywa. Kisha na mie nikunuse." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Valerian hakwenda kunusa wala kunuswa.

Badala yake akasema atatuonyesha kwa vitendo. Akakamua dawa kwenye mswaki kama mtu anayepaka siagi mkate wa harusi, wakati kinachotakiwa ni kiasi cha punje ya mbaazi. Akaanza kusugua kwenda kulia na kushoto kama anayesugua sufuria iliyoungua, wala hakukumbuka fizi, wala nyuma ya meno, wala ulimi. Povu likamjaa mpaka kidevuni. Na hapo hapo, nakuapia, akatokea mama mkwe wake, Bibi Justa, na chupa yake ya mafuta ya taa, akasimama mbele yake anangoja kuamkiwa.

Wewe unajua na mimi najua kwamba hakuna mwanamume wa kwetu anayetema mate mbele ya mkwe. Valerian alituangalia sisi, akaliangalia povu, akaangalia chini. Kisha akameza. Akameza lote, akainama, akamwamkia, na shikamoo ile ikatoka na kiputo puani. Bibi Justa alirudi kwake na chupa tupu. Valerian aliharisha siku mbili, na toka hapo anasema dawa ya meno ni sumu ya wazungu. Lakini mswaki bado uko mfukoni, mkavu. Anaupenda ukiwa huko. Na nyumbani kwake wote, mke na watoto, wanachangia mswaki mmoja wa kijani, huo mwingine ni wa kutokea. Ndiyo maendeleo uliyotuletea. Nyani haoni kundule.

Dawa zilizobaki, alizogawa Valerian, wengine wamezilamba kama peremende, na mwanamke mmoja kampaka mwanawe alipoungua na uji. Hukumwambia Valerian awaeleze hata kwamba haimezwi. Uliona inatosha kutuita mbuzi.

Sikatai dawa ya meno, usije ukasema dada yako anapinga kila jipya. Ninayo hapa, ninapigia asubuhi na tena kabla ya kulala, maana usiku ndipo uchafu unapofanya kazi. Ni nzuri, na mswaki huu unafika magego ya nyuma ambako kijiti hakifiki. Watoto wa hapa nyumbani kila mmoja nimempa wake na nimeutia alama ya uzi. Soda na pipi zimekuja na hilo hilo soko lenu huria, na meno ya watoto yanaoza kuliko tulivyooza sisi, kwa hiyo nawasimamia mwenyewe. Unaona? Hata ungetuma mzigo bila matusi tungejua la kufanya nao.

Sasa Mama.

Umeandika, na nanukuu kwa mkono wako: "Mama apige mswaki asubuhi na usiku, asisahau magego, na kile kidonda kitapona."

Magego yapi, Sixbert?

Mama hana jino hata moja. Fizi zilianza kuyaachia meno baada ya msiba wa Baba, moja moja, yule mwanamke aliyetuchunga vinywa sisi sote. Nilikuandikia alipong'olewa la mwisho kule Lindi. Ulinijibu kwamba kontena lako limekwama bandarini. Nikakuandikia tena baada ya Pasaka, nikakueleza kidonda kwenye ufizi wa chini, upande wa kushoto, kwamba hakifungi, na kwamba daktari kamtazama, akasema asicheleweshwe, apelekwe Dar es Salaam kwa mabingwa. Nikakueleza kwamba uji wenyewe anaunywa kwa kukunja uso. Na wewe ukakaa dukani kwako, ukanyoosha mkono kwenye rafu, ukachukua kilichokuwa karibu.

Nimedharau watu wengi katika maisha yangu, na wengine niliwaonea. Lakini siku ile nilipotoa ule mswaki mwekundu wenye karatasi iliyoandikwa "Wa Mama", nilikudharau wewe, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni, na sikujisikia kwamba nakuonea.

Mama aliishika picha yako, akaipapasa pale kwenye meno kwa kidole, akasema, "Jino la pembe si dawa ya pengo." Nilidhani anazungumzia kinywa chake. Baadaye nikaona ameiweka ile picha juu ya kiti ambacho ulikuwa unakalia.

Halafu asubuhi yake nikamkuta nyuma ya jiko ameegemea ukuta, anapiga mswaki. Ufizi mtupu, kwa ule mswaki wako mgumu, kwa utaratibu ule ule aliotufundisha, juu kwenda chini, ndani na nje. Aliposukutua, maji yalitoka na damu. Nilimnyang'anya. Nikamwita Cecilia, yule muuguzi wa zahanati, akamweleza kwa upole kwamba kibogoyo naye husafisha kinywa, hilo ni kweli, lakini kwa kitambaa laini na maji ya vuguvugu yenye chumvi, asiguse kidonda. Mama akaitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Kesho yake nikasikia tena anasukutua. Alikuwa ameutoa mswaki nilikouficha. Nilipomgombeza akasema, "Kanitumia mwanangu. Nisipoutumia atasema nini?"

Kwa hiyo kila asubuhi Mama anatoka damu kwa heshima yako. Nilitaka ulijue hilo wakati unafungua duka.

Nimemwambia mimi nitampeleka huko Dar. Amekataa. Valerian akajitolea, amekataa kwa haraka zaidi. Anasema mama hashuki kwenye mji wa mwanawe kama gunia lililotumwa, akasimama mlangoni kwa mkwewe anapiga hodi na kidonda chake. Mwana ndiye huja, akamwambia Mama twende. Hilo si ukaidi wa uzee, ndivyo tulivyolelewa, na hata Rosemary kwao ni hivyo hivyo. Muulize.

Wala usinitajie barabara. Najua Rufiji kuna kivuko, najua matope, najua mashimo. Bidhaa zako zinatoka Dubai na zinafika. Kikasha chako kimepita barabara hiyo hiyo unayosema haipitiki, na hakikubonyea hata pembe. Na sasa ni kiangazi. Tangu lini fimbo ya mbali ikaua nyoka?

Narudi kwenye shikamoo yako, kama nilivyoahidi. Nilimsomea Mama barua yote, mbuzi na vijiti na magego, kisha nikafika mwisho ulipoandika kwa herufi kubwa, "Mpe Mama shikamoo yangu." Nikanyamaza ili aitikie. Akageuza uso pembeni, akatazama ukutani kana kwamba hakuna mtu. Nikadhani hakusikia, nikairudia. Akasema, "Nimesikia. Mwambie aje anipumulie kwanza."

Sijamwona akitabasamu tangu Pasaka, ila hapo alitabasamu, na pengo lake lote.

Nimalizie. Mzee Huseni anakusalimu sana, anasema kijiti chako kipo, amekuchongea. Cecilia anakusalimu. Valerian anakusalimu na anaomba usimtumie tena kitu chenye povu. Msalimie wifi Rosemary, umwambie nguo alizotutumia mwaka jana zilitufaa na sijasahau. Mbusu Angela, umwangalie meno yake ya nyuma wewe mwenyewe, kwa macho yako, siyo kwa barua.

Nimekusema, na nitakusema tena ukifika. Meno ya mbwa hayaumani. Mungu akulinde njiani, kwa maana nakuombea ulinzi wa njiani na si wa dukani. Njoo na nafasi ya mtu wa pili kwenye basi la kurudia. Ukishuka hapa Mchinga usianze kwa hodi, pitia nyuma ya jiko, maji ya kusukutua nitakuwa nimekuwekea. Marahaba yako Mama anayo bado. Njoo uichukue angali na kinywa cha kuitolea.

Wako akupendaye, hata wiki hii,
Dada yako,
Rosalia.