Mama Asibaki Usinge Kunisubiri

Dada yangu Monika,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kikohozi cha mama kimepungua. Mimi mwili hauna neno, ila moyo umeninyong'onyea tangu nilipopata habari zako.

Umeniandikia kwamba Usinge yote inahamishiwa kijiji kipya karibu na Kaliua, lori linakuja kabla ya mvua, na mama kagoma. "Paulo akirudi atanikuta wapi?" Nimeisikia sauti yake kabisa. Ningeweza, ningekuja kumbeba mgongoni.

Na nilikuwa nije, dada. Tiketi ilikuwa itolewe na ofisi kazi hii ya ukaguzi ikiisha. Kompyuta ya hapa kazini hutumiwa na watu wengi kwa pamoja, na kiini chake, yaani ile programu inayotawala nyingine zote, ndicho kinachoamua nani afungue faili lipi. Wenzangu huandika, mimi hukagua mstari kwa mstari, nione kama kila programu imefungiwa eneo lake na haichungulii la jirani. Juzi, kwenye karatasi za mwisho mwisho, nikaona amri ya ulinzi imefungwa mahali faili linapokaa, si kwenye faili lenyewe. Ukilihamisha faili, ulinzi unabaki kule lilikotoka, na faili linasomwa na yeyote.

"Nani atahamisha faili?" mkubwa wangu akauliza. Nikamwambia kwetu wanahamishwa binadamu wenye nyumba na mizinga ya nyuki, sembuse faili. Akacheka. Mimi sikucheka. Kisha akakubali kwamba kweli kuna kasoro, kazi irudiwe, na hakuna kuondoka mpaka iishe. Ningenyamaza, sasa hivi ningekuwa njiani. Lakini mafaili yale yana siri za wagonjwa wa hospitali, ningenyamazaje? Basi nimejifungia mlango mwenyewe. Nimekaa tu nawasubiri wenzangu waandike upya, na hasira sijui nimwelekezee nani.

Nisalimie shemeji, fundi baiskeli wetu, na mama mdogo wa Lusu. Mwambie huku sijapata mchumba, aendelee kunicheka.

Mama usimsomee barua hii. Mwambie nimeandika kwamba nitashukia Kaliua, kwa hiyo ahamie huko anipokee. Akiuliza lini, sema karibuni. Najua hujawahi kumdanganya mama, na mimi sijawahi kukutuma umdanganye. Mpandishe kwenye lori, dada.

Mdogo wako,
Paulo