Nani Anamsomea Raya?

Jumatano, mwisho wa Oktoba 2007

Mvua ya vuli imenyesha asubuhi, kidogo tu, ya kuamsha harufu ya vumbi, kisha ikatuachia jasho. Nimekaa kwenye duka la intaneti hapa Mlandege, feni linazunguka kivivu, na kila anayepita nyuma yangu nahisi anasoma ninachoandika. Huenda hata hanitazami. Ndivyo nilivyo.

Leo nakiri jambo. Kwa wiki mbili nimemdhania mtu uovu, na sikuishia kudhani, nilisema.

Mimi mtu wa shaka tangu utotoni. Nikiuziwa embe kwa bei rahisi naligeuza mara tatu nitafute lilipooza. Na miaka ishirini na mbili ya kusimamia mitihani haikunipunguzia tabia hiyo. Nimeona majibu yameandikwa kwenye paja, kwenye rula, ndani ya pindo la mtandio. Kwa hiyo barua ilipokuja kwamba wanafunzi wasioona vizuri wataruhusiwa msomaji na muda wa ziada katika mtihani wa darasa la saba, mwalimu mkuu hakuhangaika kutafuta wa kusimamia majaribio. "Bi Zuwena, wewe huamini hata kivuli chako," alinambia. "Kazi hii yako." Nilifurahi, wallahi. Nilidhani ni sifa.

Katika skuli yetu mwanafunzi wa namna hiyo ni mmoja, Raya, mtoto wa Bububu, miaka kumi na minne. Macho yake tangu kuzaliwa yanaona mwanga na vivuli, na herufi akiziona basi ziwe kubwa kama kidole changu cha gumba. Kuandika anaandika mwenyewe, kwa maka peni nene, herufi tatu nne zinajaza mstari. Kusoma karatasi ya mtihani hawezi. Mwaka jana alikaa na wenzake, karatasi ile ile, saa zile zile, akapata saba katika arubaini.

Mwaka huu mambo ni mazito zaidi. Kila skuli ipeleke ripoti ya majaribio, na kwa ripoti hiyo ndiyo wakubwa wataamua kama mtoto apewe msomaji au asipewe. Ripoti yangu inatakiwa keshokutwa. Na mama yake Raya ashanambia wazi, akianguka safari hii baba yake hamtolei tena nauli wala sare, atakaa nyumbani.

Msomaji wa kwanza alikuwa Bi Salma, anayefundisha sayansi pamoja nami. Ana sauti nzuri, tulivu, na subira ambayo mimi sikujaaliwa. Akamsomea Raya karatasi ya sayansi ya majaribio katika chumba cha ramani. Maswali ya kuchagua, Raya akapata thelathini na nane katika arubaini. Sehemu ya pili, ile ya kuandika jibu mwenyewe bila ya kuchagua, hakufika nusu.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto anajua kila kitu akiwekewa majibu manne mbele yake, akiachwa peke yake hajui? Hapo hapo nikakumbuka kwamba wiki iliyotangulia nilimwona mama yake Raya pale getini anamkabidhi Bi Salma chana mbili za ndizi mkono wa tembo. Walikuwa wanacheka.

Sikuhitaji zaidi ya hapo. Niliandika kwa penseli kwenye ripoti: "Msomaji anampa mtahiniwa majibu." Ikabaki kutia saini tu. Na kabla ya kutia saini, pale ofisini, mbele ya walimu watatu, nikasema kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, "Ndizi za Bububu siku hizi zina akili." Walicheka. Tangu siku hiyo Bi Salma akiingia ofisini mazungumzo yanakatika, naye hajui kwa nini.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kumkamata. Walirudia kwa karatasi nyengine, nami nimekaa kwenye kona na daftari. Nilihesabu mikohozi yake, ilikuwa miwili. Niliangalia miguu yake chini ya meza. Nilikagua mpaka pete yake, anaizungusha kwenye swali la ngapi. Nimefika swali la ishirini ndipo nilipogundua ujinga wangu: ninatafuta ishara za macho kwa mtoto asiyeona.

Thelathini na saba.

Basi wameelewana kwa njia nisiyoijua, nikasema moyoni. Dawa yake ni kumtoa Bi Salma kabisa. Mwisho wa wiki nikatunga karatasi mpya mwenyewe, kwa mkono wangu, sikumwonyesha mtu, hata mwanangu aliyenifungulia hii blogu sikumwambia. Jumatatu nikamketisha Raya, nikamsomea mwenyewe. Nilisoma kwa sauti kavu kama ninayesoma orodha ya mahudhurio. A, B, C, D, na swali lifuatalo. Raya ameinamisha kichwa, sikio lake moja limenielekea, maka peni inakwaruza karatasi.

Nikasahihisha mbele ya mlango huku nimesimama. Arubaini kwa arubaini.

Na msomaji nilikuwa mimi.

Nitasema ukweli kwa vile nimekuja kusema ukweli. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mtoto ameiba karatasi mkobani mwangu. Niliufungua mkoba, nikakagua zipu, nikanusa mpaka bahasha. Wazo la kwamba kosa linaweza kuwa langu lilichelewa kufika, lilikuja jana asubuhi nikiwa nachuja chai. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jana nikamwita Raya, sisi wawili tu. Akaniamkia, nikamwitikia marahaba, nikamuuliza bila ya kuzunguka: unayapataje?

Akanigeuzia lile sikio lake. Halafu akasema, "Mwalimu, usikasirike. Nyinyi mnajua jibu. Bi Salma akilikaribia, sauti yake inatulia kabla hajalisema. Wewe hutulii. Wewe unapumua ukishalisema."

Nilitaka kubisha. Kisha nikasikia nimeshusha pumzi.

Akanieleza kwa adabu, kama yeye ndiye mwalimu. Majibu ya uwongo tunayasoma kwa kuyapamba kidogo, ili yafanane na kweli. La kweli tunaliacha lipite. Ameyazoea haya chuoni, kwenye Kurani, tangu ana miaka mitano. Wenzake wana msahafu wa kutazama, yeye ana mdomo wa ustadhi tu, na ustadhi wake hamsamehe mtu: ukiikosa herufi ya qafu ukasema kafu unaanza aya upya. Kwa hiyo Raya ameishi kwa kusikia kilichomo ndani ya sauti za watu. Sisi tulikwenda kumnong'oneza majibu bila ya kujua, maskini Bi Salma kwa upole wake na mimi kwa ukavu wangu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Sikuulizwa," akajibu. "Mwanzo nilidhani ndivyo wanavyosomewa wote." Kisha akaongeza, "Wenzangu wananambia nimepewa. Nami sijui kama nimepewa au nnajua. Mwalimu, mie nataka kujua nnajua nini."

Hapo niliona haya. Wiki mbili nzima nimepima mikohozi na ndizi, na sikumuuliza mwenye mtihani wake neno moja.

Yeye ndiye aliyetoa dawa. Anataka msomaji asiyejua sayansi.

Kwa hiyo leo asubuhi, mvua ikinyesha, nimemwomba Bi Time, mwalimu wetu wa ushoni. Bi Time anaweza kukukatia gauni kwa kukutazama tu, lakini sayansi aliiaga darasa la saba na hajaitamani tena. Nimetunga karatasi ya nne. Mimi nikakaa nje barazani, mlango wazi, nasikiliza.

Alisoma kila jibu kwa wasiwasi ule ule. "Klorofili" aliitamka kama anayemwita mtu asiyemjua. Raya akimwomba arudie, anarudia A mpaka D yote, hakuruka hata moja, kwa sababu hakujua lipi la kuruka. Mara moja nilimsikia Raya akicheka kidogo peke yake, nadhani alikuwa amesubiri sauti imwambie kitu na sauti ikakataa. Walitumia muda wote wa ziada mpaka dakika ya mwisho.

Ishirini na tisa.

Nilisahihisha mara mbili. Moyo uliniuma, nikaona nimemnyang'anya mtoto alama kumi na moja kwa mkono wangu. Yeye amesimama kando ya meza, amekunja mikono.

"Ngapi, mwalimu?"

Nikamwambia.

Alihesabu kitu kwa vidole, sijui nini. Halafu uso ukamfunguka. "Basi hizi zangu," akasema. Akaniomba nimwonyeshe kumi na moja alizokosa, moja moja, tukakaa mpaka kengele ya kutoka.

Sasa ripoti. Nimeirudia mara tatu kwa sababu wakubwa nao nawashuku, shaka haijaniisha kwa siku moja. Nikiandika tu kwamba sauti ya msomaji inavujisha majibu, watamwondoa msomaji, waone wamemaliza kazi, na Raya atarudi kwenye saba zake. Kwa hiyo nimeandika hivi: mtahiniwa apewe msomaji na muda wote wa ziada, na msomaji asiwe mwalimu wa somo lile. Nimeambatanisha karatasi zote nne, na ile ya arubaini kwa arubaini imo, na jina langu mimi msomaji nimeliandika juu yake. Mstari wa penseli nimeufuta, ingawa ukiinua karatasi kwenye mwanga bado unasomeka.

Kabla ya kutoka ofisini nimetafuta ripoti ya Raya ya mwaka jana, niiambatanishe ili waone alikotoka. Saba katika arubaini. Chini yake kuna maoni ya mwalimu wa sayansi, na hati ni yangu, naijua hata nikiiona kwa mbali: "Mvivu. Hajishughulishi."

Nimeigeuza karatasi ile mara tatu, kama lile embe. Safari hii nimeliona lilipooza. Nimeiambatanisha hivyo hivyo.

Mvua imeanza tena huko nje na mwenye duka ananitazama, saa yangu imekwisha. Kesho kabla ya kengele ya kwanza nakwenda kwa Bi Salma, na sitamwambia pembeni. Nitamwambia ofisini, mbele ya wale wale watatu waliocheka. Sijapanga maneno. Nikiyapanga yatakuwa mazuri mno, na yeye amefundisha miaka mingi, atasikia ninapopumua.