Mababu wa Malik

Alhamisi, 2 Oktoba

Teksi tangu alfajiri. Abiria wa uwanja wa ndege, wote na mafua. Shingo inauma.

Nyumbani hakukaliki. Mama Sahra amefua zulia, ameshusha mapazia, na mimi nimekatazwa kuketi popote. Yote kwa ajili ya mchumba wa binti yetu, Sahra. Malik, Mmarekani mweusi, Mwislamu, anakaa mtaa wa Longbridge, hapa hapa Uingereza. Anakuja Jumamosi kuposa. Kazi yake kompyuta. Zamani alikuwa jeshini, Sahra amesema, halafu haraka haraka akaniuliza habari za gari.

Sharti langu ni lile lile la kila mposaji: anihesabie mababu zake. Sisi Wasomali, hata tuliozaliwa Mombasa kama mimi, tunayajua majina hayo kabla ya kujua kufunga viatu. Sahra alikunja uso. "Aabo, that's not fair. Mababu zake waliuzwa. Anajua mpaka babu yake tu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikaona haya. Sharti lakini sikulifuta. Kichwa changu kigumu, Mama Sahra anajua.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Malik alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na halwa mkononi. Mrefu, mpole. Mama Sahra alimpenda kabla hajavua viatu. Baada ya sambusa nikamuuliza: wewe ni wa nani?

Akataja jina lake, la baba, la babu. Hapo yakakatika. Kisha akaomba ruhusa ahesabu kwa njia nyingine. Babu yake alikuwa fundi wa injini katika kikosi cha ndege za kuangusha mabomu, jeshi la anga la Marekani. Yeye mwenyewe akaja kutumikia kikosi hicho hicho. Kwa hiyo angehesabu kikosi.

Akaanza, kidole kwa kidole, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kilizaliwa wakati wa vita vya Hitler. Kikavuka bahari, kikapiga kambi hapa hapa Uingereza, kila siku kikiruka kwenda Ujerumani, na ndege nyingi hazikurudi. Vita vikaisha, kikavunjwa. Kikafufuliwa na ndege kubwa zaidi, ndizo alizotengeneza babu. Kikavunjwa tena. Mwisho kikapelekwa jangwani huko Marekani, kikaacha kupiga mabomu, kikawa cha kufundisha marubani.

Nilikuwa nacheka kwa raha. Kijana hana ukoo, kajitafutia! Nikamwambia Mama Sahra kwa Kiswahili, huyu ndiye.

"Halafu mimi," akasema Malik kwa Kiingereza, kidole cha mwisho kikiwa juu. Alikuwa mwalimu wa marubani hao. Aliwafundisha kurusha ndege zisizo na mtu ndani.

Mama Sahra aliliachia buli. Chai ikaenea zulia zima.

Abdi. Ndugu yangu wa mwisho. Alitoka kwetu Mombasa, akavuka mpaka kwenda kwa jamaa Wasomali kununua mbuzi. Ndege isiyo na mtu ikawaua, yeye na mbuzi wake. Ilikuwa ya nani? Mpaka leo hakuna aliyetuambia.

Nikasimama. Malik akaninyooshea mkono wa kuaga. Sikuushika.

Jumapili, 5 Oktoba

Pigo la pili. Sahra alijua.

Alijua kazi ya Malik jeshini, na Malik alijua habari za Abdi. Malik alitaka kuishia kwa babu yake. Sahra ndiye aliyemkataza. "Nilimwambia aseme yote. Wewe ndiye umenifundisha, Aabo. Ukihesabu, huruki mtu."

Ni kweli. Katika majina yetu yumo mmoja aliyewaua wageni wake kisimani, na Sahra akiwa mdogo alitaka kumruka. Nilimrudisha mwanzo kila alipofanya hivyo. Sasa ananirudishia mimi.

Nimemfokea. Ameondoka na treni kurudi Selly Oak anakoishi, bila kula.

Jumanne, 7 Oktoba

Helikopta ya hospitali imepita juu ya barabara. Nikainama kwenye usukani. Abiria akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Siko sawa.

Namwona yule kijana na vidole vyake. Namwona Abdi. Siwezi kuwatenganisha, na hilo linanichukiza.

Mama Sahra anasugua zulia, doa halitoki. Leo amefungua mdomo: "Muulize Malik mwenyewe. Usimuulize Sahra, usiniulize mimi."

Nitamuuliza. Akiapa kwamba waliomuua Abdi si wanafunzi wake, nitajua ni mwongo, maana hawezi kuapia asilolijua. Na mwongo simpi binti yangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala nimempigia Malik simu, nikaenda Longbridge. Nikaegesha penye maduka, pale palipokuwa na kiwanda cha magari. Malik akaingia kiti cha nyuma kama abiria. Labda aliogopa kukaa karibu nami. Nikamuuliza kupitia kioo: waliomuua ndugu yangu ni wanafunzi wako?

Akanitazama humo humo kiooni. Kisha: "I don't know, sir. Hakuna aliyetuambia wanafunzi wetu walikwenda wapi. Siwezi kukuambia hapana."

Akalia. Mtu mzima, mabega yote yakipanda na kushuka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Na sasa nakiri: nilikuwa nikiutaka. Angesema hapana tu, ningemfukuza, yakaisha. Ukweli wake umenipiga kuliko ule wa Jumamosi.

Nikamwambia ashuke. Akashuka. Tena bila kupeana mkono.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua. Sikutoka na teksi.

Nimempigia Sahra, nikamwambia aje naye. Wamekuja. Mama Sahra amesukuma meza ikafunika doa, akapika wali. Tukala. Nilimtajia Malik majina ya mababu zangu, pole pole, mpaka kwa yule wa kisimani, mpaka mwisho. Kisha nikamtajia Abdi, ambaye hakuacha mtoto wa kulibeba jina lake. Malik akalirudia jina. Nikamsahihisha matamshi. Akalirudia tena.

Sijamsamehe mtu. Hata sijui wa kumsamehe ni nani.

Siku ya nikahi baba hushika mkono wa bwana harusi, ndipo hutamka kwamba amemwoza binti yake. Hakuna njia ya kuukwepa. Kwa hiyo leo mlangoni, walipokuwa wakiaga, nimeunyoosha wangu kwanza. Wake ulikuwa na jasho. Wangu pia.