Ngozi Haitobolewi

Kwako dada yangu mpenzi Ernestina,

Salamu nyingi zikufikie huko Happy Valley, wewe na wanao. Natumaini kifua kimepoa, na kwamba unazisoma salamu hizi ukiwa umeketi, si ukiwa umelala. Mimi sijambo, magoti ndiyo yanayonung'unika, nami nimezoea kuyaacha yaseme.

Ulipopiga simu wakati wa Pasaka uliniambia niachane na habari za Kangidluk, kijiji tulichozaliwa, kwamba tangu walipofunga kanisa na duka wakatutawanya tungali watoto, hakuna kilichobaki ila mawe na upepo. Sikubishana nawe. Lakini barafu ya bahari ilikuwa bado ngumu, na nilijua nikingoja mwaka mwingine magoti hayatanifikisha. Nikamwomba mjukuu wangu Hulda anitoe hapa Nain anipeleke huko kwa pikipiki yake ya theluji.

Unajua kwamba yeye ni somo wa mama yetu, na desturi yetu ni kwamba aliyepewa jina hushika nafasi ya mwenye jina. Tangu alipopewa jina hilo mimi humwita mama, naye huniita mwanangu bila haya, hata mbele ya kasisi. Alikubali kwa sharti moja: kikiharibika kitu chochote njiani, tunageuza. Alisema hana nia ya kumzika mwanawe kwenye barafu.

Kiliharibika. Tulipoipita rasi ya pili, pikipiki iliinua pua kama mbwa anayenusa, ikakataa kukata kona. Hulda aliilaza ubavu akanionyesha: ule mkanda mfupi unaozuia springi ya mbele isishuke kupita kiasi ulikuwa umekatika, na hakuwa na mwingine. Akaanza kuigeuza sleji ya mizigo tuliyoikokota nyuma, turudi. Nikamsihi anisubiri kwa muda wa kikombe kimoja cha chai tu. Mzigo wetu ulikuwa umefungwa kwa kamba ya ngozi ya sili mwenye ndevu, aliyoikata Hulda mwenyewe. Nikachukua kipande, nikakipima juu ya ule mkanda wa zamani, nikatoboa matundu pale pale yalipokuwa matundu yake, nikakaza bolti. Hulda alinitazama huku akinywa chai yangu.

Hatukufika mbali. Matundu yakachanika. Hapo Hulda, mama yangu wa jina, akanigeukia: "We mwanangu, umekula chumvi yote hiyo hujui kwamba ngozi haitobolewi? Mbwa wangekucheka."

Yalikuwa maneno ya mama yetu, Ernestina, yale yale aliyokuwa akimwambia baba alipofunga mbwa kwenye sleji. Nikamuuliza nani kamfundisha hayo. Akasema, "Si wewe? Kila baridi ikiingia, mpaka masikio yananiuma."

Basi tukafanya kama zilivyofungwa kamba za mbwa. Nilipasua mwanya wa kufuata urefu wa ngozi, si tundu, karibu na ncha, tukaizungusha ngozi kwenye bolti na kuipitisha ndani ya mwanya wake yenyewe, ili kadiri inavyovutwa ndivyo inavyojikaza. Ncha ya pili tukaipiga fundo, nikaacha ulegevu wa upana wa kidole, maana ngozi ikikauka hunywea. Hulda aliijaribu pikipiki kwa duara moja, akarudi, akaielekeza pua kaskazini.

Sasa nikwambie nilichokificha tangu salamu. Siandiki kutoka Nain. Niko Kangidluk, katika kibanda cha Titus na mkewe, wanaovua samaki hapa, juu kidogo ya ilipokuwa nyumba yetu. Kuta zimeanguka, hapo ulisema kweli. Lakini jiwe la kizingiti lipo, lile ulilovunjia jino, na kijito kinasikika chini ya barafu. Nimeamua kubaki. Titus ananikaribisha, na samaki wapo.

Nilidhani Hulda atakataa. Badala yake akasema, "Mimi ndiye niliyekuzaa hapa, mwanangu. Nani mwingine wa kukuruhusu?" Kesho anarudi Nain na barua hii, kwa mkanda ule ule. Barafu ikiondoka atakuja na mashua, na kuna nafasi yako. Nisikufiche maneno yake: amesema mwambie binti yangu mama yake anamwita nyumbani, na asilete visingizio vya kifua.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na wewe ubaki na amani mpaka maji yafunguke. Njoo na viatu vizuri. Kile kizingiti bado kinateleza.

Ni mimi ndugu yako,
Renatus