Kikao cha Kunizuia Nisianguke

Mdogo wangu wa pekee,

Barua yako imefika, na soksi zimenienea. Chai ya hapa wodini bado ni maji ya kuoshea vikombe, ila yametiwa sukari.

Unauliza nyonga ilivunjikaje. Keti nikuchekeshe. Walikuja mabingwa wanne hapa hapa kitandani kwangu wodini kufanya kikao ili nisianguke: daktari, muuguzi, mfamasia na yule wa mazoezi ya viungo. Mkongojo wangu ukawa unazuia viti vyao, basi yule wa viungo akauegemeza nyuma ya mlango. Wakajadili dawa zangu, macho yangu, hata kandambili zangu, nusu saa nzima, nami katikati kama mzigo usio na mwenyewe. Kisha wakajaza fomu: "Mkongojo uko karibu na mgonjwa." Sahihi nne! Kila mmoja alidhani mwenzake ameangalia. Wakaondoka wakipongezana. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Nikaenda chooni kwa kushika ukuta. Ukuta ukaisha kabla ya choo.

Hili usimwambie mwanangu: mkongojo niliuona ukiwekwa pale. Ningesema tu, "Nirudishieni," wangenipa. Nikanyamaza, nione ni msomi gani kati yao atakumbuka. Nilitaka kuwaumbua, mdogo wangu. Nimewaumbua kweli, na soksi zako sasa navalishwa na muuguzi.

Ni mimi dada yako, kichwa kigumu, mifupa laini.