Tiara Lililokuja Bila Upepo

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na shemeji yangu. Mimi ni mzima, ila upepo wa ufuko huu umeninyang'anya kofia na heshima.

Uliniomba nikuletee begi la binti yako, mpate kukubali kwamba bahari haitamrudisha. Mwalimu aliyemfundisha kuteleza majini kwa tiara alinikabidhi begi hilo, akasema, "Mzee, hapa hakuna mgeni, kila aliye ufukoni husaidia. Mtu akijipigapiga kichwani kule majini, anaomba kutua. Mdakie tiara lake."

Alasiri upepo ulikatika, wote wakatoka majini. Ndipo nikaona tiara jekundu likija, na chini yake mtu akijipigapiga kichwani. Nikalidaka. Nilipotazama tena, kamba zilikuwa zimezama majini, na mtu hayupo.

"Mzee, tiara haliruki bila upepo," mwalimu alininong'oneza. "Tena hilo ndilo alilopotea nalo yule binti."

Nilizivuta kamba polepole. Nazo zikavutwa kutoka upande wa pili, polepole vilevile.

Begi nimelirudisha katika chumba alichokuwa akilala binti yako huku ufukoni. Nisamehe. Siwezi kuondoka nalo, asije akalitafuta.

Ni mimi, kaka yako.